Ilianza lini? Kadi za mtandao zilizokufa mwaka 2008 na namna mkosaji alivyopatikana

KANIAMA, Haut-Lomami. – Fundi wa simu anayejua kazi yake haanzi kwa kumwuliza mteja ni nini kimeharibika. Anauliza: "Ilianza lini?" Mama aliyeleta simu ambayo zamani ilikaa na chaji siku nzima, na sasa inazima saa sita mchana, atajibu kwamba juzi ilikuwa nzima, au kwamba ilianza baada ya sikukuu, au baada ya mtoto wa jirani kuitia nyimbo kutoka kwenye kadi yake. Jibu hilo lina faida kuliko bisibisi. Ukijua siku ya mwisho ambayo kitu kilikuwa kizima na siku ya kwanza kilipoonekana kibovu, kosa limefungiwa katikati ya siku hizo mbili. Halina pa kukimbilia.

Wako watu duniani ambao kazi yao ni swali hilo hilo, ila wanaliuliza juu ya kitu kisichoonekana kwa macho: kiini cha mfumo wa kompyuta, ambacho wenyewe wanakiita kerneli. Kerneli ni programu ya chini kabisa, ile inayoshikana na chuma chenyewe. Programu ya redio, ya WhatsApp, ya kutuma pesa, zote zinaiomba: nipe kumbukumbu, nipe spika, nipe mtandao. Kerneli iitwayo Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki, nchini Finland, ndiyo iliyomo ndani ya kila simu ya Android. Kwa hiyo imo mifukoni mwa watu wa sokoni Kaniama, na imo katika simu ambazo familia nyingi zilizohama makwao zilikimbia nazo zikiwa zimefungwa kwenye kona ya kitenge.

Kerneli hiyo haikai vilevile. Kila baada ya miezi miwili au mitatu toleo jipya linatoka, na ndani yake mna mabadiliko elfu kumi au zaidi, yaliyoandikwa na watu zaidi ya elfu moja walio katika nchi mbalimbali. Badiliko moja linaweza kuwa mstari mmoja tu. Wengi wa waandishi hao hawajaonana uso kwa uso. Sasa fikiria asubuhi moja kompyuta zinaanza kufa, na mkosaji ni badiliko moja kati ya hayo elfu kumi.

Jambo hilo lilitokea mwaka 2008.

Toleo 2.6.26 la Linux lilikuwa limetoka mwezi wa saba mwaka huo, na toleo 2.6.27 lilikuwa bado linapikwa. Watu wa kujitolea walikuwa wakilijaribu kabla halijatangazwa, kama inavyofanyika siku zote. Mwezi wa tisa habari mbaya zikaanza kufika. Mtu anawasha kompyuta yake, mashine inawaka vizuri, lakini mtandao haupo. Si kwamba mtandao umekatika. Kadi yenyewe ya mtandao haijitambui tena. Akirudisha toleo la zamani lililokuwa likifanya kazi jana, kadi bado ni maiti. Akizima na kuwasha, ni maiti.

Kadi hizo zilikuwa za kampuni ya Intel, zile zinazoendeshwa na programu ndogo iitwayo e1000e. Programu ya namna hiyo, inayokaa ndani ya kerneli kwa ajili ya kuendesha kifaa kimoja tu, mafundi wanaiita draiva. Kila kadi ya mtandao ina kumbukumbu yake ndogo ambamo kiwanda kimeandika namba ya kadi na maagizo ya namna ya kuamka. Ni kama kitambulisho cha mpiga kura: ukikipoteza, wewe ni yule yule, lakini kila mlango unaogonga unakuuliza wewe ni nani. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiharibiwa. Kitu fulani ndani ya toleo jipya kilikuwa kikiandika takataka juu ya maagizo ya kiwanda, na mwenye kompyuta ambaye hakuwa ameweka nakala ya maagizo hayo pembeni alibaki na kifaa cha kurudisha kwa mtengenezaji.

Hii ilikuwa aibu na pia hatari. Kosa la kawaida la programu hufanya mashine igande. Unaizima, unaiwasha, unaendelea. Kosa hili liliua chuma. Wagawaji wakubwa wa Linux, kama SUSE na Ubuntu, walitoa maonyo kwa wajaribu wao, na Ubuntu wakaizima kabisa draiva ile katika toleo lao la majaribio. Afadhali mtu akose mtandao kuliko aue kadi yake.

Nani mkosaji? Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa wazi: draiva e1000e. Kadi iliyokufa ni ya kwake, yeye ndiye anayeigusa kila siku, na yeye pia alikuwa amebadilishwa katika toleo lile. Watu wakamgeukia. Wakasoma mabadiliko yake mstari kwa mstari wasipate la maana. Baadaye wengine wakasema: ngoja, kompyuta kadhaa zilikufa kadi mara tu baada ya programu ya kuchora picha kwenye kioo kuanguka. Basi itakuwa ni hiyo. Kwa muda programu ya picha ikabeba mzigo, na wenye kuitunza wakalazimika kujitetea.

Kaniama iko kwenye reli, na hapa mtu hahitaji kuelezwa sana tabia hiyo. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikapakiwa garimoshini kuelekea Mwene-Ditu, kwa sababu watu wengi walikuwa wamekubali haraka mno kwamba shida zao zina jina la jirani. Kadi za kompyuta si watu, na uzito wa mambo hayo mawili haufanani hata kidogo. Ila njia ya mawazo ni moja: aliyekutwa karibu na maiti ndiye wa kwanza kukamatwa.

Kulikuwa na njia nyingine ya kuuliza, isiyohitaji kumshuku mtu yeyote.

Chukua waya wa simu unaofuata reli kutoka Kamina kuja Kaniama, na zaidi hadi Luputa na Mwene-Ditu. Waya umekatika mahali fulani, na nguzo ni maelfu. Asiyekuwa na akili ya kazi ataanza nguzo ya kwanza na kutembea. Mwenye akili atakwenda katikati na kupima. Kama sauti ya Kamina inafika pale, basi nusu ya kwanza ni nzima na kosa liko mbele. Kama haifiki, liko nyuma. Kwa kipimo kimoja ametupa nusu ya nguzo zote bila kuzitazama. Anakwenda tena katikati ya nusu iliyobaki. Halafu katikati ya robo.

Sasa weka mabadiliko ya kerneli mahali pa nguzo. Yamepangwa kwa mstari, kutoka toleo la zamani linalojulikana kuwa zima hadi toleo jipya linalojulikana kuwa bovu. Yako elfu kumi. Unajenga kerneli ya katikati, unaiwasha, unatazama. Yanabaki elfu tano. Kisha 2,500, kisha 1,250, kisha 625, kisha 313. Endelea hivyo, na baada ya vipimo kumi na vinne umebaki na badiliko moja mkononi, lenye jina la aliyeliandika, tarehe, na maelezo yake mwenyewe ya kwa nini aliliandika. Vipimo kumi na vinne kwa elfu kumi! Na hata mabadiliko yangekuwa elfu ishirini, kingeongezeka kipimo kimoja tu.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1997 wahandisi wawili wa kampuni ya kompyuta kubwa ya Cray, Brian Ness na Viet Ngo, waliandika namna walivyolitumia kazini. Lakini lilikuja kuwa la kila mtu mwaka 2005. Mwaka huo Torvalds alitengeneza Git, daftari kubwa linaloweka kila badiliko la programu kwa mpangilio, na ndani ya mwaka huo huo Git ikapewa amri ya kugawa kati. Mtu anaiambia Git: hapa ilikuwa nzima, hapa ni mbovu. Git inachagua katikati yenyewe. Mtu anajenga, anawasha, anarudi na neno moja kati ya mawili: nzima, au mbovu. Git inachagua tena.

Uzuri wa njia hii ni kwamba anayepima hahitaji kuelewa hata mstari mmoja wa kerneli. Mwalimu, daktari, mwanafunzi mwenye kompyuta ya zamani, yeyote anayeweza kuona kwamba spika yake haitoi sauti, anaweza kumkuta mkosaji aliyewashinda mabingwa. Wako wengi waliofanya hivyo. Gharama yake ni muda na umeme, maana kujenga kerneli moja kwenye mashine dhaifu kunaweza kula saa nzima au zaidi, na kwa mtu anayetegemea paneli ya jua vipimo kumi na vinne vinaweza kuwa kazi ya wiki.

Kwa kadi za Intel, gharama ilikuwa nyingine kabisa. Kila jibu la "mbovu" lilikuwa kadi iliyokufa. Nani atakubali kuua kompyuta yake mara saba ili watu wengine wajue ukweli? Hata wajaribu wenye moyo walirudi nyuma, na hawawezi kulaumiwa. Kazi ikabaki kwa Intel wenyewe. Wahandisi wao wakajifungia maabara na sanduku la kadi, wakaanza kugawa historia ya kerneli kati kwa kati.

Msomaji asidhani ilikuwa kazi ya kuhesabu tu. Kosa lile halikutokea kila mara. Kompyuta iliweza kuwashwa mara nyingi na kadi ikabaki hai, kisha siku nyingine ikafa kwa kuwashwa mara moja. Hapo ndipo kugawa kati kunapokuwa na mtego, na mtego huo unafaa kuelezwa taratibu kwa sababu umewanasa wengi.

Majibu mawili, "nzima" na "mbovu", hayana uzito sawa. Ukiona kadi imekufa, umeona, hakuna ubishi. Lakini ukiona kadi iko hai, umeona nini? Labda kerneli hii ni nzima kweli. Labda ni mbovu na bahati ilikuwa upande wako leo. Ukikimbilia kusema "nzima", Git itakuamini. Itaitupa nusu ile yenye mkosaji ndani yake na kukutuma upande wa pili, na kuanzia hapo kila kipimo utakachofanya, hata ukifanye kwa uangalifu wa namna gani, kitakupeleka mbali zaidi na ukweli. Mwishoni itakupa jina la mtu asiye na hatia, pamoja na tarehe na maelezo, na litaonekana kama ushahidi kamili. Ndiyo maana anayewinda kosa la kuja na kuondoka hujaribu mara kumi, mara ishirini, kabla ya kuthubutu kusema kitu ni kizima. Kuthibitisha ubaya ni kazi ya dakika moja. Kuthibitisha usalama kunataka subira. Waliowahi kuulizwa kama barabara ya kijijini kwao sasa ni salama wanajua tofauti hiyo vizuri kuliko mhandisi yeyote.

Kadi nyingi zilikufa katika maabara ile. Mwishowe jibu likapatikana, na likawashangaza wote. Badiliko lililotajwa halikuhusu draiva. Halikuhusu picha wala mtandao. Lilikuwa la ftrace.

Ftrace ni chombo cha kufuatilia kerneli inavyofanya kazi, ili mafundi waone muda unapotelea wapi. Mwandishi wake mkuu ni Steven Rostedt, ambaye wakati ule alikuwa kampuni ya Red Hat, na chombo hicho kiliingia kerneli kwa mara ya kwanza katika toleo lile lile la 2.6.27. Wala hakuna aliyekuwa akikitumia kwenye kompyuta zilizoumia. Kilikuwa kimekaa kimya nyuma, kinafanya usafi wake.

Usafi huo ulikuwa hivi. Mwanzoni mwa kila kazi ndogo ndani ya kerneli kuliwekwa wito: "Mwambie mfuatiliaji kwamba nimeanza." Kuacha maelfu ya miito kama hiyo kungeifanya mashine nzito. Kwa hiyo ftrace iliandika orodha ya anwani za miito yote, kisha kila baada ya muda mfupi ikaamka, ikapitia orodha na kuubadilisha kila wito kuwa amri isiyofanya kitu. Ni hekima nzuri, na ilifanya kazi.

Lakini kuna kazi ndani ya kerneli ambazo zinahitajika mara moja tu, wakati kifaa kinapoamshwa. Zikimaliza, kerneli inazifuta na nafasi yao katika kumbukumbu inapewa mwingine. Kwa sehemu kuu ya kerneli, waandishi wa ftrace walikumbuka jambo hilo. Kwa vipande vinavyopachikwa baadaye, kama draiva, halikukumbukwa.

Fikiria karani wa kartie mwenye orodha ya milango ya kubadilisha. Ameandika: kiwanja namba fulani, mlango wa mbao. Kabla hajafika, nyumba ile imebomolewa, wenyewe wameondoka, na mtu mwingine kabisa amejenga pale. Hakuna aliyemwambia karani. Orodha yake bado ina nyumba isiyokuwepo. Siku yake inafika, anachukua vifaa vyake, anakwenda kwenye anwani ile ile. Waliohama na kuacha viwanja nyuma wanajua vizuri kwamba orodha ya zamani mikononi mwa mtu mwaminifu inaweza kuleta madhara sawasawa na orodha mikononi mwa mwizi.

Na karani huyu alikuwa mwaminifu kweli. Kabla ya kugusa mlango, alikagua: je, huu ndio mlango wa mbao niliouandika? Kama sio, aliuacha. Ftrace ilitumia amri ya kichakato inayofanya mambo mawili kwa pamoja, kulinganisha na kubadilisha: soma kilichopo, kama ni kile ninachotarajia kibadilishe, kama sicho kiache. Kwa hiyo hata kama orodha ilikuwa ya zamani, mtu angesema hakuna madhara, maana kilichopo hakitalingana na hakitaguswa.

Kumbe amri ile inaandika kila mara. Ikikuta kitu kisicholingana, inakirudishia kile kile ilichokisoma. Katika kumbukumbu ya kawaida hilo halina shida: kuandika "saba" mahali palipo na "saba" ni sawa na kutoandika. Lakini mpangaji mpya wa nafasi ile hakuwa kumbukumbu ya kawaida. Wakati mwingine, kwa bahati mbaya ya mpangilio, kerneli ilikuwa imeitoa anwani ile iwe dirisha la kuingilia kwenye kadi ya mtandao, moja kwa moja hadi kwenye ile hifadhi ya maagizo ya kiwanda. Kwenye dirisha la kifaa, kuandika chochote ni kutoa amri. Karani aligonga tu mlango ili aukague, na kule ndani kugonga kulimaanisha "futa".

Mambo manne yalihitajika kukutana: orodha ya zamani, nafasi iliyogawiwa upya, amri inayoandika hata inapokataa, na kadi inayokubali kuandikwa bila kuuliza. Hakuna ambaye angeyakisia yote manne akiwa amekaa kitini anasoma msimbo wa draiva. Ndiyo maana kusoma hakukusaidia na kugawa kati kulisaidia.

Lakini ni haki kusema pia kile ambacho kugawa kati hakikusema. Kulijibu "lini" na "badiliko gani". Hakukujibu "kwa nini". Hilo lilitaka watu wakae na kufikiri kuanzia pale. Na kwa kufikiri iligundulika kwamba hata draiva e1000e, aliyesingiziwa, alikuwa ameacha mlango wake bila kufuli: hifadhi ya kadi ingeweza kufungwa isiandikwe, na haikuwa imefungwa. Kwa hiyo marekebisho yalikuwa mawili. Draiva ikawekewa kufuli la kuzuia maandishi. Kisha, toleo 2.6.27 lilipokuwa limetoka tarehe 9 Oktoba 2008, siku sita baadaye likafuatwa na 2.6.27.1, ambamo sehemu ile ya ftrace ilizimwa kabisa. Katika toleo 2.6.28, lililotoka mwezi wa kumi na mbili mwaka huo, iliandikwa upya: anwani za miito sasa zinakusanywa wakati kerneli inajengwa, na yule karani wa kuamka na kuzunguka akaondolewa kazini.

Rostedt hakufukuzwa wala kuzomewa atoke. Jina lake lilikuwa kwenye badiliko, na yeye ndiye aliyelijua vizuri kuliko wote, basi yeye ndiye aliyesaidia kulitengeneza. Ftrace imo ndani ya Linux hadi leo, na watengenezaji wa simu za Android wanaitumia kutafuta kwa nini simu inakuwa nzito.

Njia hiyo hiyo inafaa bila kompyuta. Simu inayomaliza chaji ghafla na ina programu thelathini na mbili zilizowekwa na watoto: usizifute zote, na usianze kwa ile unayoichukia. Ondoa kumi na sita, ukae siku mbili. Kama shida imeisha, mkosaji yumo kati ya hizo kumi na sita; rudisha nane, utazame tena. Kwa vipimo vitano utakuwa umemfikia. Kinachotakiwa ni kuandika tarehe kwenye karatasi, na kutosema "imepona" baada ya saa moja.

Kuna kosa lingine la kerneli linalohusu simu za hapa moja kwa moja, na historia yake nayo ilifuatiliwa hadi kwenye badiliko lililolileta. Linaitwa Dirty COW. Lilimruhusu programu yoyote ndogo iliyomo ndani ya simu au kompyuta kujifanya mwenye nyumba na kushika kila kitu. Lilitengenezwa mwezi wa kumi mwaka 2016, baada ya Phil Oester kuliona likitumiwa na wavamizi kwenye mashine aliyokuwa akiilinda. Daftari la mabadiliko lilipofunguliwa ilionekana lilikuwa wazi tangu toleo 2.6.22 la mwaka 2007, miaka tisa. Na kulikuwa na jambo la kusikitisha zaidi: Torvalds mwenyewe alikwisha jaribu kuliziba mwaka 2005, vibaya kama alivyoandika yeye mwenyewe, na kiraka chake kikaondolewa kwa sababu kilileta shida kwenye kompyuta kubwa za IBM. Yote hayo yameandikwa, na tarehe zake.

Simu ya mitumba inaweza kuwa ya miaka ile. Mwenye Android anayetaka kujua, afungue "Paramètres", kisha "À propos du téléphone", atafute mstari wa "Niveau du correctif de sécurité". Kama tarehe iliyoandikwa pale ni ya kabla ya Desemba 2016, simu hiyo huenda haijapata kiraka cha Dirty COW. Kama mstari wenyewe haupo kabisa, simu ni ya zamani zaidi. Bado inafaa kwa redio, kwa nyimbo na kwa kupiga simu. Programu zisizojulikana zilizotoka kwenye kadi ya mtu zisiwekwe humo, na laini inayobeba pesa za familia ihamishiwe simu nyingine, hata kama ni ile ndogo ya vitufe.